Mbuzi wa Mzee Bwanausi

Nilikuwa nimeshakula nusu sahani ya pilau ndipo nikamuuliza mama nyama yote ile kaipata wapi.

"Mzee mmoja wa Makurunge kaleta mbuzi," akasema. "Bwanausi. Mtu mstaarabu huyo! Kasema wewe unamsaidia shida yake."

Nikarudisha tonge sahanini. Mimi ni afisa wa kampuni ya mikopo ya nyumba hapa Bagamoyo, na faili la Mzee Bwanausi lilikuwa mezani kwangu. Aliomba mkopo aezeke nyumba yake kabla ya masika, maana wajukuu wake wanalala chini ya turubai. Siku ile ile nilikuwa nimemaliza kulipitia, safi kabisa, na kesho yake lingekwenda Dar kusainiwa.

Maadili yetu ya kazi hayana kona. Mwombaji akimpa chochote mfanyakazi, au mtu wa nyumbani kwake, mfanyakazi anatoa taarifa, faili anapewa mwingine na kazi inaanza upya.

"Mama, si nilikwambia usipokee kitu?"

"Uliniambia nisipokee hela. Mbuzi ni hela? Mtu katoka kwake na kitoweo, nimfukuze mlangoni?"

"Basi tumrudishie!"

Mama akaangalia sufuria. Barazani, jirani yetu Bi Ashatu alikuwa bado anaguguna mfupa huku akiniombea dua nipande cheo.

Nilikasirika mpaka nikatamani kulia. Nikinyamaza, mzee anaezeka. Lakini mtaa mzima ulikuwa umekula ushahidi, na mimi ningekuwa nimeuza kazi yangu kwa pilau.

Asubuhi nikatoa taarifa. Meneja akanipongeza kwa uadilifu, kisha faili akampa mwenzangu Masoud, ambaye ana rundo la mafaili la kumfikisha hata baada ya mvua. Pongezi! Wajukuu wa mzee wajifunike pongezi? Nikampigia simu mzee, akaja ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Mbuzi alinona?"

Nikamweleza yote. Kwamba alikuwa ameshapita. Kwamba hakutakiwa kutoa hata yai. Kwamba ni mbuzi huyo huyo aliyemrudisha nyuma, na sasa paa litasubiri masika yaishe. Sauti ilinipanda mpaka wateja wengine wakageuka kunitazama.

Mzee alisikiliza kichwa chini, kofia mkononi.

"Niliona aibu kuja mikono mitupu," akasema polepole. "Ningeonekana sina adabu."

Hasira ikanishuka, nikamwonea huruma. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Masoud ni mtu mwema, atalishughulikia faili lake kwa haki, yeye asubiri tu.

"Nimekuelewa, mwanangu." Akavaa kofia yake, akanisogelea mezani, akashusha sauti. "Sasa huyo Masoud, mama yake anakaa wapi?"