Povu Kwenye Bwawa la Njiro

Mimi kwa bwawa langu sina mzaha. Mtaani kwetu hapa Njiro waliochimba mabwawa ni wanne, na ukichungulia juu ya kuta za wenzangu utakuta matatu yamegeuka makazi ya vyura. Langu unaona vigae vya chini mpaka unavihesabu. Nalisafisha mwenyewe, tangu nilipomtimua fundi aliyekuwa akija mara moja kwa wiki na kumwaga klorini kwa kukisia, kama anayetia chumvi kwenye ndizi. Asubuhi, kabla sijaenda kwenye duka langu la ushonaji Kijenge, naopoa maua ya mjakaranda kwa wavu, nasugua kuta kwa brashi, napima dawa ya maji kwa matone, nasoma geji ya chujio, ile inayopanda chujio likiziba. Jioni narudia. Mume wangu Elisaria husema bwawa hilo nalipenda kuliko ninavyompenda yeye. Mpaka leo sijamjibu.

Mwezi wa nane baba mkwe wangu, Mzee Abdiel, aliteleza kwenye shamba lake la kahawa kule Akeri, miteremkoni mwa Meru, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, kidonda kikapona, lakini mguu ukagoma. Tukamleta kwetu. Hanna, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwangalia mzee, akaliangalia bwawa, akafurahi.

"Dawa yenyewe hii hapa," alisema. "Mzee atembee ndani ya maji ya kifuani, hatua mia mbili kila siku. Maji yatambeba, mguu utarudiwa na nguvu. Ila asiingie peke yake."

"Mama Aika atakuwa naye," Elisaria akadakia. Yeye kazi yake iko Dodoma, huja wikendi tu, na binti yetu Aika yuko chuoni.

Mzee Abdiel alimtazama mwanawe kama mtu aliyetukanwa mezani. "Mimi? Nivue nguo mbele ya mkamwana?"

Mimi nilimwelewa. Kwa Wameru, na hata kwetu Wachaga wa Kibosho, baba mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwelikweli. Kiti chake sikikalii. Chumbani kwetu haingii. Habari za mwili wake hazipiti kinywani mwangu, na zangu hazipiti kwake. Nguo zake alizifua mwenyewe, akiwa kwenye magongo, na mimi nilijifanya sioni. Elisaria, mtu wa ofisi, aliona yote hayo ni ukaidi.

"Sawa baba," alisema. "Lakini kahawa inaiva. Ikifika Jumamosi ya kwanza ya Novemba hujaweza kutembea bila magongo, shamba tunamkodisha jirani yako Philemoni, miaka mitano."

Mzee ana miaka sabini na minane. Kila mmoja pale alifanya hesabu kimoyomoyo. Iliniuma sana. Mzee yule kahawa yake anaijua mti kwa mti.

Siku zikapita. Kila nilipokuwapo, mzee alikaa barazani akilitazama bwawa kama ng'ombe wa mtu mwingine. Na katikati ya Septemba maji yakaanza kunichezea. Asubuhi naondoka yanang'aa, jioni narudi yana ukungu, na povu jeupe limejikusanya pembeni. Geji ya chujio imepanda. Nikaosha chujio, nikaongeza klorini. Kesho yake, povu. Nikabadilisha duka la dawa. Povu. Nikaenda kugonga geti la jirani kumuuliza kama mbwa wake huwa anaoga kwa sabuni. Jirani huyo sasa ananisalimia kwa mbali.

Nilimlalamikia hata baba mkwe. Alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Dunia imeharibika, mama," alisema.

Ijumaa moja pampu ikazima kabisa. Nikafungua kikapu chake cha kunasia takataka, nikachomoa donge la nyuzi za kahawia, kubwa kama ngumi. Fundi cherehani haulizi nyuzi zimetoka wapi. Zilikuwa za sweta. Na ndani ya donge kulikuwa na kifungo cha suruali ya kaki. Katika nyumba yetu sweta la kahawia ni moja, na wiki zote zile nilikuwa nikilikuta limeanikwa kila jioni. Nilidhani mzee anapenda usafi.

Kwanza nilipandwa na hasira. Pampu yangu! Kisha nikaingiwa na hofu. Mzee asiyejua kuogelea, nyonga imeungwa juzi, peke yake majini na sweta la sufi limelowa, huku mimi niko Kijenge natia zipu kwenye sketi za watu! Na povu lile sasa nikalielewa. Alikuwa akifua kwa sabuni ya unga na kusuuza mara moja tu, maana kusimama kulimchosha, kesho yake anaingia tena na nguo zile zile. Aliingia amevaa kila kitu ili hata nikirudi ghafla nisione cha kunitia aibu. Nilikaa sakafuni karibu na pampu, nikampenda mzee yule kuliko siku zote.

Lakini ningeanzaje kumwambia? Baba, najua unaoga? Heri nikimeze kile kifungo.

Jumamosi nilikwenda dukani, nikachukua kitambaa cha nailoni, kile cha makoti ya mvua, cha bluu, kisichotoa nyuzi. Nikashona suruali inayopita magoti, na shati la mikono mirefu lenye kola, la heshima, la kumfaa mzee wa kanisa. Nikazisuuza mara tatu kwa maji matupu. Sikumpa mkononi. Nilizianika kwenye kamba, karibu na sweta lake, nikaondoka.

Jumatatu nilileta cherehani nyumbani, nikaiweka kando ya bwawa, uso wangu ukiwa ukutani. Nikatangaza kwa sauti:

"Wiki hizi nashonea hapa. Kazi ni nyingi. Mimi nikishona sigeuki nyuma hata kitokee nini!"

Nikakanyaga cherehani. Baada ya muda nikasikia magongo yakipita nyuma yangu polepole, kisha maji yakimpokea mtu. Kisha sauti.

"Moja. Mbili. Tatu."

Alipofika kumi na mbili akaniita. "Mama Aika."

"Abee, baba."

"Nguo hii haina mfuko. Mtu mzima anaweka wapi leso?"

"Nitaongeza, baba."

Nililia na kucheka kwa pamoja, bila kugeuka, nikashona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo.

Ikawa hivyo kila siku. Yeye anahesabu, mimi nakanyaga cherehani. Mia mbili zikawa mia tatu. Akimaliza anasema "Amina", nami nasubiri mpaka mlango wa chumba chake ufungwe ndipo nichukue wavu. Maji yakatulia, geji ikashuka, povu likaisha.

Jumamosi ya kwanza ya Novemba ikafika. Philemoni alikuja na karatasi zake, akakaa na Elisaria kwenye baraza ya mbele. Huku nyuma mzee aliingia majini kama kawaida. Alihesabu mpaka mia moja arobaini na moja, akaacha.

Nikangoja mia moja arobaini na mbili. Haikuja. Hata maji hayakusikika.

"Baba?"

Miaka ishirini na miwili nimeitunza heshima ya ukoo ule. Niliitupa pamoja na kiti, nikageuka.

Mzee Abdiel alikuwa amesimama juu, kwenye sakafu, maji yakimchuruzika. Magongo yake yalikuwa ng'ambo ya bwawa. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Umegeuka," alisema.

"Nimegeuka, baba. Nisamehe. Niliogopa."

"Nilitaka ugeuke. Elisaria atasema nimeshika ukuta. Wewe umeniona nimeshika kitu?"

"Hujashika kitu, baba."

"Basi tangulia ukawaambie. Mimi nakuja kwa miguu."

Sikutangulia. Nilitembea ubavuni mwake, mikono yangu nyuma ili isije ikamshika, tukapita jikoni, tukapita tangi la maji. Mguu wa kushoto aliuburuta kidogo. Mimi machozi yalinitoka bila aibu. Tulipotokea barazani Elisaria aliinuka na kalamu mkononi. Philemoni naye akainuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Philemoni. Umekuja wakati mzuri. Jumatatu naanza kuchuma kahawa yangu. Njoo na kikapu."

Philemoni akazikunja karatasi zake, akasema atakuja.