Aniello Anagonga Kaunta

Mimi sina tabia ya kushuku watu. Ila ukiniona nimemshuku mtu, ujue keshafanya. Na Catello alikuwa amefanya. Hilo nilikuwa na uhakika nalo wiki tatu nzima, kilichobaki ni kujua amefanya nini.

Catello ndiye anayevuta kahawa kwa mashine kwenye baa yangu hapa Materdei, Napoli, miaka kumi na tisa sasa, tangu mama yangu mzazi akiwa hai. Kazi yake naijua kama sala. Anawasha mashine, anavuta kikombe cha kwanza, anakinusa, anakionja, anakunja uso, anakimwaga. Anazungusha kidogo pete ya kinu cha kusagia buni, anavuta cha pili. Mpaka ulimi wake ukubali, mlango haufunguliwi, hata aje askofu.

Sasa tangu wiki hizo tatu alikuwa haonji tena. Mlango alikuwa akiufungua mapema kwa mtu mmoja tu, Aniello, mzee fundi miavuli wa jirani. Aniello anakunywa maji, anapiga mafunda matatu ya kahawa, halafu anagonga kaunta kwa kidole. Akigonga mara moja, Catello anakaza kinu, buni isagike laini zaidi. Akigonga mara mbili, anakilegeza. Asipogonga, wanachekeana na wateja wanaingia. Neno hawasemi.

Niambie wewe, watu wazima wawili wanaogongeana kama wafungwa wana jema gani?

"Dada, fumbua macho," aliniambia mdogo wangu Nunzia, ambaye hana kazi ila ana maoni. "Ile baa mpya ng'ambo ya barabara inatafuta mtu wa mashine. Huyo mzee ni mshenga wao."

"Na kugonga je?"

"Anamfundisha ladha ya kwao. Kikulacho ki nguoni mwako, shauri yako."

Nilimkatalia kwa mdomo. Moyoni nilishamkubalia kabla hajamaliza. Nikaamua siku nitakayomkamata Catello, siku hiyo hiyo ataondoka, na miaka yake kumi na tisa ataibeba begani.

Jumanne ukaja ule upepo wa kusini, wenye joto na majimaji, kuta zikatoka jasho. Aniello hakuja, alikuwa Salerno kwa binti yake. Catello alisimama na kikombe cha kwanza mkononi, akakitazama weee, akakimwaga bila kukionja. Akafungua mlango.

Kwa macho kahawa haikuwa na kasoro. Ilishuka nyembamba kama mkia wa panya, povu lake rangi ya korosho za kukaanga. Mwalimu Ippolito, mteja wangu wa kila siku, akapiga funda moja, akasogeza kikombe.

"Catello, nipe maji."

Nilihisi kama nimechomwa kisu. Kwetu maji hunywewa kabla ya kahawa, kinywa kiwe safi, kwa heshima yake. Ukiyaomba baada ya kahawa, umemwambia aliyeivuta kwamba unataka kusukutua kinywa. Mwalimu hajawahi kufanya hivyo tangu nimjue. Baada yake wakaomba wawili wengine, na wa tatu akavuka barabara bila kuaga.

Nikaenda nyuma, nikafunua debe la buni. Uvundo ukanipiga usoni. Debe hilo, lililofunguliwa asubuhi hiyo, lilikuwa limegusana siku nyingi na ukuta wa nyuma wenye unyevu, na buni imeota ukungu kwa ndani. Mtu yeyote mwenye pua angeimwaga jalalani. Basi amefanya makusudi, nikasema. Anaivunja baa yangu kabla hajahama.

Sikupiga kelele. Tuna kopo la shayiri ya kukaanga, tunawavutia wazee waliokatazwa kahawa na daktari. Nikavuta kikombe cha shayiri, nikakoroga sukari, nikamwekea. Nilitaka aiteme, nimwambie, umeona wateja wangu wanavyojisikia, haya vua aproni uwafuate wenzako. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi.

"Kunywa. Nimekuvutia mwenyewe."

"Leo kuna nini, bosi? Nimekufa?"

"Kunywa, bwana."

Akanywa maji. Akapiga funda la kwanza, la pili, la tatu, akafumba macho kama zamani.

"Hii umeipatia," akasema. "Kahawa nzito. Marehemu mama yako mtupu."

Mtu wa Napoli kapewa shayiri, kaiita kahawa. Na si mtu yeyote, ni Catello, aliyewahi kumfukuza muuza buni mlangoni kwa harufu ya magunia yake. Hasira yote ikaniisha, nikabaki na hofu.

"Catello, hiyo ni shayiri."

Akakiweka kikombe chini polepole, akawa anakitazama.

"Ile homa ya Januari," akasema. "Ilipoondoka iliondoka na pua. Chungu naijua, tamu naijua. Kahawa siijui tena, Rachele." Miaka yote hiyo hajawahi kuniita jina tupu. "Aniello ananionjea."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe?" Akacheka, lakini si kwa furaha. "Ungekipekua kila kikombe. Nina miaka hamsini na sita na kazi nyingine siijui. Nikitoka hapa naenda wapi?"

Niliona aibu, ile ya kutaka kuingia chini ya kaunta. Wiki tatu nimemchunguza mtu utosini hadi unyayoni, na sikuona kwamba anaumwa.

"Mwaga hiyo buni," nikasema. "Fungua debe jipya."

Nikanywa maji, glasi nzima. Akavuta. Nikaonja kwa utulivu, jambo ambalo sijalifanya miaka mingi kwa sababu yeye alikuwepo. Funda la kwanza chungu, la pili kama chokoleti, la tatu likakimbia ulimini na kuacha uchachu. Nikagonga kaunta mara moja.

Mkono wake ulibaki hewani. Kisha akakaza kinu, na mimi nikajifanya natafuta vijiko.

Siku hizi tunagonga kwa zamu, Aniello na mimi. Jana Nunzia alisimama hapo kwenye kona, mkono kiunoni, macho kwenye kidole changu.

"Dada, mnapeana ishara gani wewe na huyo?"

Nikamsogezea glasi.

"Kunywa maji kwanza," nikamwambia.