Glandi ya Kumpitisha Mama Ingrid

Jumatatu asubuhi fundi Valens alichomoa kebo ya feni ya zamani kwenye sanduku la umeme la ghala moja la kahawa huko Gikondo, akaacha tundu lenye upana wa mdomo wa kikombe kidogo. Alikusudia kuliweka sawa kabla ya chakula cha mchana. Kisha akaitwa gereji ya jirani, na tundu likabaki wazi ukutani, mbele ya meza ndefu ambapo wanawake huchambua buni, nzima huku, mbovu kule.

Wa kwanza kulitumia alikuwa Annick. Annick ana mtoto mchanga Nyakabanda, na saa nne hivi maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka blauzi imelowa. Geti la ghala hufungwa kwa kufuli asubuhi na kufunguliwa jioni, na ufunguo hukaa shingoni mwa Bosi Shami, kwa sababu kahawa ni mali, na wanawake, kama asemavyo yeye, wana mifuko. Annick akasogea kwenye sanduku, akaingiza kidole, akaingiza mkono, halafu akakunjika taratibu jinsi kitenge kinavyokunjwa, akapita wote. Alifuata waya hadi nguzoni, akashika laini ya Nyakabanda, akatokea kwenye mita ya sebuleni kwake. Alinyonyesha, akarudi na mandazi ya moto. Wenzake walilalamika kwamba mandazi yalikuwa machache.

Kufikia Jumatano kila mtu alikuwa na safari zake. Mmoja alienda kusukwa, akarudi na nusu ya kichwa, akaenda tena kumalizia. Mwingine alikosea njia kwenye transfoma, akatokea saluni moja ya Remera, na kwa vile alikuwa ameshafika, akapakwa rangi za kucha. Walirudi nywele zimewasimama kidogo, basi. Ghala lilijaa vicheko vya kushika mbavu, na buni mbovu kadhaa zilijipenyeza kwenye nzima bila mtu kuona.

Médiatrice, ambaye pale ghalani huitwa Mama Ingrid, hakuwa ametoka bado. Alikuwa na safari moja tu moyoni. Jumamosi, nyumbani kwake Gahanga, wakwe walikuwa wanakuja kumposa Ingrid, mtoto wake wa pekee. Aliomba ruhusa. Bosi Shami alimshika mikono yote miwili, akampa hongera za dhati, akamwambia kwamba Jumamosi kontena linapakiwa na hakuna anayetoka. Mama Ingrid aliumia sana. Alikuwa amemlea yule binti peke yake tangu Bujumbura, na sasa Ingrid angetolewa mbele ya wageni, atupe macho huku na huko, asimwone mama yake.

Kwa hiyo alilitegemea tundu. Na Alhamisi mvua ikanyesha ya upepo, maji yakaingia ndani ya sanduku.

“Valens!” Bosi aliita. “Hii tundu iko wazi tangu lini? Ziba. Leo.”

Valens alikwenda kuchukua mfuniko. Mama Ingrid akamfuata hadi penye kivuli. Wote wawili walikulia Buyenzi, kule Bujumbura, wakitenganishwa na mitaa miwili tu, na wakiwa peke yao huongea Kiswahili cha huko.

“Mdogo wangu, ukiziba hapo umenizika.”

“Mama Ingrid, maji yakifika kwenye shaba, ghala litawaka na sisi ndani.” Valens alifikiri kidogo. “Lakini hakusema nizibe na nini. Iko presetupu. Inabana kinachopita, na maji yanabaki nje. Twende dukani unisaidie kuchagua.”

Valens alipita getini, kwa kuwa fundi hufunguliwa. Mama Ingrid alipita tunduni. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na alicheka njia nzima, kwa sababu umeme hutekenya kwenye nyayo. Alitokea kwenye soketi ya kujaribia taa katika duka la vifaa vya umeme, mtaa wa pili, akajikung’uta.

“Karibu mama, angalia hizo balbu,” alisema mwenye duka, Kellen, aliyekulia Kampala.

“Nipe presetupu,” alisema Valens.

“Presetupu ni kitu gani? Unataka glandi?”

“Presetupu.”

“Glandi.” Kellen aliweka boksi mezani. “Ya ngapi?”

“Tundu ni la milimita hamsini.”

“Fundi mzima, unanunua kwa tundu? Tundu inakupa nati tu. Glandi unachagua kwa kile kinapita. Kikiwa chembamba, mpira haushiki, maji inaingia. Kikiwa kinene, kinachubuka. Nini inapita?”

“Mimi,” alisema Mama Ingrid.

“Peke yako?”

“Na wenzangu. Kuna Annick, yeye ni kama mrija wa soda.”

Kellen alichukua kalipa, kile kipimo cha taya mbili, akampima kiunoni, akashuka chini kidogo. Kalipa ilifunguka mpaka mwisho. Kellen aliisoma namba kimoyomoyo, kwa adabu.

“Na Jumamosi utavaa hivi?”

“Nitavaa umushanana, hariri yangu ya kufunga begani. Na taji la urugori kichwani, mimi si ni mama wa binti?”

“Sasa hiyo ndiyo mlikuwa mnaficha!” Kellen alirudisha glandi za plastiki kwenye boksi. “Plastiki itakula hariri yako. Chukua ya shaba, mpira mara mbili. Inashika mwembamba, inashika mnene, haiulizi.”

Valens aliifunga jioni ileile. Bosi aliimwagia ndoo ya maji, akafungua sanduku, akakuta pakavu. Alifurahi.

Ijumaa Mama Ingrid alimpigia simu binti yake. “Nitapitia kwenye mita. Weka umeme wa kutosha, usije ukaisha nikiwa njiani.”

“Sawa mama. Nitaondoa vyombo hapo chini.”

Jumamosi, kontena likiwa nusu, alivaa nyuma ya magunia, wenzake wakamfunga vizuri begani, akaingia. Glandi ilimkumbatia kiunoni, ikafikiri, ikamwachia. Kule Gahanga spika za muziki zilikuwa zinakula umeme kama zimetumwa, na mita ilikuwa imeshaanza kulia. Aliisikia kutoka nguzoni. Akakaza mwendo, akatokea kichwa kwanza juu ya kreti za Fanta, na papo hapo muziki ukakatika nyuma yake. Uwanjani pakawa kimya. Katika kimya hicho Ingrid akatolewa, akatupa macho huku na huko, akamwona. Mama Ingrid alilia wazi wazi, akacheza bila muziki, na wakwe wakacheza naye mpaka mtu akanunua umeme.

Alirudi kabla wanawake hawajahesabiwa jioni. Bosi Shami alikuwa amesimama mbele ya sanduku alipotoka, urugori umekaa sawasawa, ila punje zote za buni zilizokuwa zimejificha kwenye mikunjo ya nguo zilikuwa zimepanguswa na mpira alipokuwa akienda, zikabaki sakafuni upande wa ndani.

“Maji haiingii?” aliuliza Bosi.

“Haiingii, bosi.”

“Na kahawa haitoki.” Aliokota punje moja, akaitazama. “Hongera kwa binti.”

Jumatatu aliagiza mlango mdogo wa nyuma uchomelewe, ule wa kutokea moto ukizuka, maana sasa, glandi ikiwepo, ulikuwa hauna kazi. Valens aliuchomelea, hakumwangalia mtu. Kwenye geti likaongezwa kufuli la pili.

“Na umeme ukikatika?” aliuliza Annick.

“Siku hizi umeme haikatiki,” alisema Bosi, akaenda zake na funguo zake mbili.

Mama Ingrid alikuwa anawasimulia wenzake jinsi mkwe alivyokanyaga keki, na meza nzima ilikuwa inacheka, taa zilipofifia. Kicheko kilikoma. Wanawake wote waligeuka wakaitazama glandi. Taa zikarudi, wakainamia buni tena, nzima huku, mbovu kule.