Usiinue Kichwa

Kosa la Mwalimu Ogola lilianza kwa kunyamaza. Barua ya kumtuma kusimamia mtihani wa darasa la nane ilipomfikia Kisumu, Novemba ya mwaka wa tisini na moja, aliliona jina la shule vizuri kabisa: ile ya karibu na Katito, alikosoma binti yake Milka, aliyekaa kwa shangazi yake. Sheria ilimtaka aseme. Hakusema. Alitaka tu kumwona mtoto akiandika, kama wazazi wengine wanavyotaka kumwona wa kwao akicheza mpira.

Na alikuwa na la kujivunia. Siku hizi majibu yalisahihishwa na mashine huko Nairobi. Mtoto anapiga kistari cheusi kwa penseli ndani ya kisanduku, mashine inasoma. "Mashine haina huruma," Ogola aliwaambia wanafunzi wake. "Haikujui wewe wala haimjui baba yako." Kwa hiyo kila likizo alimkalisha Milka mezani na mtihani wa zamani, akafungulia redio hadi mwisho karibu na sikio lake, akagonga sufuria, hata akawatuma majirani waje kumwita jina. Milka akiinua kichwa, anaanza upya. "Paa likianguka, ziba sikio uendelee." Siku ya kwanza mtoto alilia. Ya pili alilia. Ya tatu akazoea, na baba mtu akatamba kwa walimu wenzake wiki nzima.

Sasa, dakika ishirini kabla ya karatasi ya hesabu kuisha, Ogola alipita nyuma ya dawati la Milka, akasimama ghafla. Milka alikuwa amekokotoa swali la thelathini na sita, lakini kistari akakiweka kwenye mstari wa thelathini na tano. Ogola akapandisha macho. Swali la ishirini na nane lilikuwa halijaguswa. Mtoto aliliruka swali, mstari wake hakuuruka, na tangu hapo kila jibu lilikaa nyumba ya jirani. Karatasi ya majibu yenyewe ilikuwa na mistari mingi kuliko maswali, kwa hiyo hata akifika mwisho hakuna kitu kingemshtua.

Kidole kimoja tu kwenye dawati kingetosha. Lakini mwaka uliopita ni yeye mwenyewe aliyemripoti mwenzake Zadock kwa kidole kama hicho, na Zadock sasa alikuwa anauza mafuta ya taa. Ogola akatembea hadi ubaoni, akarudi. Dakika kumi na saba. Milka amefika thelathini na tisa. Hasira zilimpanda, wala si kwa mtoto.

Akatoka mlangoni. Msimamizi mkuu, Madam Beldina, alikuwa amekaa barazani na bahasha zake.

"Madam, kuna kitu nilificha. Huyo msichana wa dirishani, dawati la tatu, ni wangu."

"Ati nini, Mwalimu?"

"Na majibu yake yamehama mstari. Sijamwambia kitu. Andika chochote unataka, mimi nitasaini. Lakini waambie waangalie namba. Wote, si yeye peke yake."

Madam Beldina akaweka bahasha chini. "Unajua umejimaliza?"

"Najua."

"Basi kaa hapa nje. Usirudi ndani."

Ogola akasimama nje ya dirisha. Sauti ya Madam ikajaa darasa: "Kila mtu aangalie! Namba ya swali na namba ya jibu ziwe sawa!" Vichwa vikainuka. Watoto wanne wakarukia raba zao, mmoja akiguna kwa hofu.

Milka hakuinua kichwa. Madam akarudia kwa nguvu zaidi, akigonga ubao kwa kiganja. Milka akainama zaidi, akaziba sikio kwa mkono wa kushoto, na penseli ikaendelea kwenda, kisanduku baada ya kisanduku. Jina lake lilimjaa Ogola mdomoni. Alijua hata hilo angelizibia sikio.

Kengele ikalia. Karatasi zikakusanywa, bahasha ikafungwa. Milka alitoka mbio, akamshika baba yake mkono, anacheka.

"Baba, uliniona? Yule Madam alipiga kelele mpaka akagonga ubao! Nikajua tu ni wewe umemtuma anijaribu."