Kipoza Kilikuwa Baridi

Kompyuta ya Mama Nailoni ilizimika tena. Feni zilikuwa zimezunguka, skrini ikaandika mistari miwili, moyo wake ukaanza kutulia, mara kimya. Darasa zima la jioni likageuka kumtazama.

"Mara ya pili hiyo, mama," mwalimu alisema, si kwa ubaya. "Masharti unayajua. Ikizimika ya tatu, vipuri vinarudi kabatini."

Aliyajua. Kila mwanafunzi alipewa vipuri avifunge mwenyewe viwe kompyuta. Mashine ikiwaka na kutulia, anakwenda nayo nyumbani. Huko binti yake alikuwa ameshafuta vumbi mezani. Masomo yake yote ya chuo binti huyo aliyaandika kwenye simu iliyopasuka kioo, na asubuhi ile alimwambia, "Mama, leo usirudi mikono mitupu."

"Labda imechoshwa na maombi yako," wifi yake alinong'ona kutoka meza ya pili. Yake ilikuwa inawaka, naye alijinafasi kama bibi harusi.

"Cheka tu, wifi. Nitamwambia kaka yako umeniroga."

Alikagua waya mmoja baada ya mwingine. Zote zimekaa. Vijiti vya memori vimekaa. Mwalimu akatupa jicho kwenye saa ya ukutani.

Mama Nailoni akafumba macho. Ee Mungu, sikuombi muujiza. Nionyeshe tu nilipokosea.

Alipofumbua, aliweka kiganja juu ya kipoza, lile pande la chuma linalokaa juu ya prosesa, ubongo wa mashine, kunyonya joto lake. Alitarajia kuungua. Kilikuwa baridi.

Akaduwaa. Yeye ni dobi, pasi anaishika kila siku ya Mungu. Prosesa inachemka mpaka inajizima, na chuma kilichoilalia hakina habari! Basi kuna kitu katikati.

Hapo akaiona akilini sebule yake: makochi ndani ya nailoni za dukani, rimoti ndani ya nailoni, wageni wakichemka mapaja huku kochi lenyewe halijui kama limekaliwa. Lile jina la utani hakupewa bure.

"Mwalimu, naomba bisibisi."

Alilegeza skrubu nne, akakigeuza kipoza. Chini yake, bila hata kikunjo, ilibaki nailoni ya kiwandani imepakwa krimu ya kupitisha joto, na maandishi mekundu: ondoa kabla ya kufunga.

"Hukuiona?" wifi aliuliza.

"Niliiona. Nikasema nisiibandue, kitu kisije kikachubuka bado kipya."

Wifi akajiziba mdomo, mabega yakimtikisika.

Aliibandua, akafuta, akaweka tone jipya la krimu, akakaza skrubu. Akabonyeza. Feni zikazunguka. Mstari mmoja. Miwili. Skrini ikawa nyeusi, naye akaing'ang'ania meza, midomo ikicheza bila sauti. Kisha picha ikatokea, ikabaki. Mwalimu alisimama nyuma yake muda mrefu, mikono kifuani.

"Ni yako, mama," alisema hatimaye. "Usiiangushe njiani."

"Ahsante, Mungu wangu," akasema, akajibwaga kitini.

Wifi alikuja kumkumbatia, na mkono wake ukapita ukadaka ncha ya nailoni iliyofunika kioo cha ubavuni mwa kasha la kompyuta, tayari kuibandua.

"Wifi! Toa mkono," Mama Nailoni alimaka. "Hiyo haimkeri mtu."