Chungu cha Kioo

Kama dharau ingetozwa ushuru, Mzee Okwi angefilisika kabla ya kumaliza kifungua kinywa. Maisha yake yote alikuwa wakala wa forodha pale Malaba, tangu mpaka ukiwa mti uliolazwa barabarani na askari mmoja mwenye usingizi, na kazi hiyo ilimwachia ugonjwa: hakuna kitu wala mtu aliyepita mbele yake bila kukadiriwa, na makadirio yake siku zote yalikuwa ya chini. Katekista alikuwa mdomo mtupu. Mkwe wake wa Jinja alikuwa koti lisilo na mtu ndani. Hata mvua ikinyesha kidogo, aliitazama kutoka barazani akaguna.

Basi mwanawe wa mwisho, Ejoku, alipomaliza chuo na kurudi nyumbani akatangaza kwamba atatengeneza kompyuta ya kuchezea gemu juu ya meza ya kulia chakula, dharau ya mzee ilipata chakula cha miezi.

Vifaa vilikuja kidogo kidogo. Vingine vilitoka Nairobi, vingine Kampala, na kila mzigo ulipofika Ejoku aliufungua kwa adabu ya mtu anayevua soksi za mtoto aliyelala. Kabla ya kushika chochote, aligusa kwanza chuma cha dirisha ili, alivyosema, umeme wa mwilini umtoke. Okwi alimtazama akiligusa dirisha asubuhi, akiligusa mchana, kisha akamuuliza mkewe kama huyo kijana ameanza kuchumbia madirisha na lini atalipa mahari. Benedetta alikuwa ameolewa naye muda mrefu wa kutosha kujua kwamba maneno ya mumewe ni kama vumbi la matrela barabarani: unafunga mlango, unaendelea kupika.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Oduori, mfanyabiashara wa Busia mwenye maduka ya simu, alitaka kufungua ukumbi wa gemu mjini. Alimwambia Ejoku amjengee mashine moja kwanza, ile ya kuwekwa dirishani kuwatoa vijana macho. Ikimpendeza, mashine zote za ukumbi angezijenga Ejoku, papo hapo nyumbani Malaba, na kazi ya kuzitunza ingekuwa yake. Isipompendeza, Ejoku angekwenda Nairobi kwa dada yake Vivianne, ambaye alikuwa tayari amemtafutia nafasi katika ghala fulani la vyombo vya nyumbani. Begi lake halikuwa limefunguliwa lote tangu atoke chuo. Lilikaa nyuma ya mlango, na kila mtu mle ndani alijua linangoja nini.

Benedetta alitaka mtoto abaki na alisema hivyo wazi, mbele ya Mungu na majirani. Okwi pia alitaka abaki. Alitaka sana, mpaka akawa analipita lile begi bila kulitazama. Wakubwa wote walikuwa wameondoka, wakimwacha na nyumba kubwa yenye mwangwi, na huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa na kicheko cha marehemu kaka wa Okwi. Lakini kusema? Okwi angemeza kaa la moto kwanza. Ulimi wake ulijua kazi moja tu, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii.

Aliifanya nyumbani, na jioni akaenda kuifanya kwa Amuron, mama aliyepika ajon, pombe ya ulezi, nyuma ya soko. Pale wazee huketi kukizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu, na pombe ikishuka Amuron au binti yake huja na birika la maji ya moto akaongeza. Mwenye nyumba anayeacha chungu kishuke mbele ya wageni husemwa mpaka Tororo. Na wazee hawaongezi. Wazee huongezewa. Okwi hakuwa ameshika birika tangu siku aliyooa, na kama ungemwambia alishike angekuuliza unamwonaje.

Siku ile Ejoku alipoanza kuunda mfumo wa maji wa kupoza mashine, Okwi alifika kwa Amuron akiwa amejaa pomoni. Aliwaeleza wenzake kwamba ndani ya sanduku la kioo mtoto amesimamisha kopo refu la kioo, na kutoka kwenye kopo imetoka mirija inayopanda na kushuka na kurudi koponi. Mirija yenyewe ni ya plastiki ngumu, ataipasha kwa hewa ya moto mpaka ilegee, aikunje, aipulize, aitazame kwa jicho moja. Na maji hayatoki kisimani. Ni maji ya betri, ya kununua dukani, huku mvua inamwagika bure juu ya bati.

"Mtoto wangu amenunua chungu cha kioo," alisema, "akakitia mirija kila upande, halafu akasahau pombe."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Ndani ya siku chache utani huo ulikuwa umevuka soko, na vijana wa bodaboda wakawa wanamuuliza Ejoku kama chungu kimeiva, waje na mirija yao. Ejoku alicheka nao mara ya kwanza. Baadaye alianza kupitia njia ya nyuma. Okwi aliliona hilo, likamchoma, na kwa kuwa lilimchoma akaongeza utani.

Jumamosi ya Oduori ikafika. Tangu asubuhi Benedetta alikuwa amefagia uwanja, akachinja jogoo, na kwa sababu Oduori ana vidonda vya tumbo na hanywi maziwa, akajaza thamosi kubwa maji matupu yaliyochemka, ya kumkorogea kahawa. Aliiweka mezani kando ya mashine pamoja na vikombe, kisha akarudi jikoni kwa jogoo wake.

Adhuhuri ilipopita kidogo, Ejoku alimimina yale maji ya betri koponi, akaziba, akabonyeza kitufe. Mashine iliwaka. Feni zilizunguka bila kelele, taa zikapita samawati, zambarau, kijani, na maji yakaanza safari yake mirijani, safi, na vipovu vidogo vikikimbizana. Kwenye skrini iliyosimama kando yake kukatokea mlima wa gemu, na chini ya mlima mto, na nyasi zilizokuwa zikiinama kwa upepo. Benedetta alikuja mbio mikono ikiwa na manyoya ya kuku, akapiga kigelegele.

Ejoku alikuwa akieleza. Alisema maji yatashuka kidogo koponi kwa sababu hewa bado inatoka, ni kawaida, mtu asiguse, atayaongeza mwenyewe baadaye. Lakini wakati uleule Okwi alikuwa akisema kwamba mlima ule hata ng'ombe mmoja hauna, na mlima bila ng'ombe ni wa nini, kwa hiyo Ejoku alieleza na Okwi akasema, na aliyesikika ni Okwi. Simu ikaita. Ni Oduori, amekwama kwenye foleni ya matrela na haijui njia ya nyumbani. Ejoku akatoka kwenda kumpokea barabarani.

Okwi akabaki peke yake na mashine.

Palipokosekana wa kumsikiliza, dharau nayo ilikosa kazi. Alivuta kiti. Aliutazama ule mto wa kwenye skrini kwa muda mrefu, kisha akaitazama mirija. Kila kona ilikuwa imekunjwa sawasawa na mwenzake, na hakuna waya uliokuwa umelegea wala skrubu iliyokaa upande. Mkono wa nani huu? Maisha yake yote alikuwa ameshika karatasi za vitu vilivyotengenezwa na watu wengine, vikielekea kwa watu wengine. Katika nyumba yake hakikuwa kimetengenezwa kitu. Sasa kimetengenezwa, na aliyekitengeneza ni mwanawe, na yeye baba mtu amezunguka soko zima akikiuza kwa bei ya kicheko. Okwi aliona haya. Aliona na fahari pia, fahari kubwa ya kumtia joto masikioni, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona, aliiacha imjae.

Ndipo alipoona kwamba kopo limeshuka.

Mwanzoni maji yaligusa ukingo wa juu. Sasa yalikuwa chini ya ukingo kwa upana wa kidole, na yanazidi. Mgeni yuko njiani. Mgeni mkubwa, wa Busia, Mluhya mwenye maduka, ataingia katika nyumba ya Okwi na kukuta chungu cha mtoto wake kimeshuka. Okwi alitazama mlango wa jikoni. Angeweza kumwita Benedetta. Hakumwita. Kitu fulani kilimwambia kwamba hiki akifanye yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mzee amwongezee kijana, na kama watu wa kwa Amuron wangemwona wangedhani amerogwa.

Alichukua thamosi. Alifungua kizibo cha kopo kama alivyomwona mtoto akikifungua, akamimina taratibu, bila kudondosha tone, kama wafanyavyo wanaojua kuheshimu chungu. Kopo likajaa ukungu. Akamimina mpaka ukingoni, akangoja yashuke, akamimina tena. Kisha akaziba, akarudi kitini, akakunja mikono. Moyo wake ulikuwa mweupe kuliko ulivyokuwa kwa miaka.

Mrija wa juu ndio ulioanza kuinama. Okwi aliona ukilegea, polepole, kama shina la boga lililopigwa na jua, na ingawa alikuwa ameutangazia ulimwengu mzima jinsi mirija ile inavyolegezwa kwa joto, hata sasa akili haikuunganisha. Aliunganisha mrija ulipochomoka. Maji ya moto yaliruka, yakamwagikia kadi kubwa inayochora picha za gemu, ambayo Ejoku aliingoja kutoka Kampala kuliko kitu kingine chochote. Kitu kikalia ndani, harufu ya kuungua ikatoka, mlima ukazimika na mto wake. Okwi aliinuka na leso yake ya mfukoni akaanza kupangusa, akipangusa kioo cha nje, pale ambapo hapakuwa na maji.

Hivyo ndivyo walivyomkuta.

Oduori alikuwa mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa. Alisimama mlangoni, akatazama maji yanayotiririka kutoka mezani, akanusa. Ejoku alikimbilia swichi ya ukutani, akazima, kisha akasimama tu mikono ikining'inia.

"Sasa hii ndio ile mashine, boss?" Oduori akauliza. "Mimi ulinionyesha picha za kitu ingine. Hii ni kitu ya kuchezea watoto, na pia mtoto mwenye akili hataichezea."

Yalikuwa maneno ya Okwi hasa. Aliyasema yeye mwenyewe wiki iliyopita, karibu herufi kwa herufi, na wazee wakacheka. Kuyasikia katika mdomo wa mtu mwingine kulimpanda kichwani mpaka akaona giza. Angeweza kunyamaza. Malaba nzima ilikuwa imeshaambiwa kwamba kitu hiki hakitafanya kazi, na sasa hakifanyi; ushindi ulikuwa wake, hakuhitaji hata kuinua kidole.

"Ilikuwa inafanya kazi," alisema. "Ni mimi niliongeza maji."

Oduori aliitazama thamosi iliyo wazi. Kisha akamtazama mzee, na uso wote ukaanza kumtetemeka.

"Maji moto? Mzee, wewe ulifikiria ni ajon?"

Alicheka akiwa ameshika mwimo wa mlango. Alicheka akiomba radhi, akacheka akimwambia Benedetta kwamba hatakaa kula, akacheka mpaka kwenye gari. Kuhusu ukumbi alimwambia Ejoku kwamba atatafuta fundi wa Kisumu, mahali ambapo wazee hawapikii pombe kwenye kompyuta. Kufikia jua kuzama, mkasa ulikuwa umefika kwa Amuron, na wale waliocheka chungu cha kioo sasa walikuwa na kitu kitamu zaidi cha kucheka.

Ejoku alifungua sanduku, akachomoa ile kadi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaona mahali ilipoungua. Okwi alisimama nyuma yake akitafuta neno, na katika ghala lote la maneno yake hakukuwa na moja lisilo na mwiba.

"Ungeniuliza tu, papa," Ejoku alisema bila kugeuka. "Siku zote hizi. Ungeniuliza tu kitu kimoja, ningekueleza."

Jumapili kanisani Okwi hakusikia hata neno moja la katekista, wala hakumdharau. Alikuwa akilifanyia mazoezi neno lake. Lilikuwa neno fupi: baki. Alilisema kimya wakati wa wimbo, akalisema wakati wa sadaka, akalisema njiani mpaka likazoea mdomo. Benedetta, aliyekuwa akitembea kando yake, aliona midomo yake ikicheza akadhani anasali.

Jumatatu asubuhi begi lilitoka nyuma ya mlango. Ejoku aliaga mama yake, naye akamkumbatia mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Kisha kijana akaja barazani, akasimama mbele ya baba yake na kungoja. Alingoja kweli. Benedetta naye alisimama mlangoni, macho kwa mumewe, akimsukuma kwa macho hayo.

Okwi akafungua mdomo.

"Na ubebe takataka zako zote," akasema. "Usiniachie hata skrubu."

Ejoku alimtazama kidogo. "Sawa, papa," akasema. Akaweka begi chini, akarudi ndani, na kutoka barazani Okwi akamsikia akikusanya vitu mezani, kimoja kimoja, bila haraka. Alipotoka alikuwa amebeba sanduku kifuani. Benedetta alipoingia baadaye kupanga vikombe, alikuta meza imepanguswa, na hapakuwa na hata skrubu.