Swali la Kwenye Mstari Mwekundu

Mume wangu Mutie ameshona makochi pale Kinoo, kando ya barabara, tangu watoto wetu wakiwa wadogo, na makochi ndiyo yaliyompa henia. Aliinua kochi la watu watatu peke yake ili mwenye lori la kulibeba asimwone amezeeka. Uvimbe ukatokea kwenye kinena, upande wa kulia. Siku ulipokataa kurudi ndani, binti yetu Kavutha alitutoa nyumbani, mtaa wa Satellite, akatupeleka hospitali moja upande wa Ngara. Daktari aliusukuma taratibu ukarudi, lakini akatuonya kwamba ukinaswa tena utumbo unaweza kuoza na tukampoteza mzee. Apasuliwe upesi.

Neno hilo upesi ndilo nililolishika.

Kizungu mimi nilikisoma mpaka darasa la saba, kwa hivyo nakisikia kama redio ya jirani, hili napata, hili linapita. Asubuhi kukawa na kile wanachokiita raundi. Kundi zima la makoti meupe linatoka kitanda hadi kitanda. Mbele yuko mwanamume mwenye tai, nyuma yake wengine, na wa mwisho msichana mwembamba aliyekumbatia mafaili ya wote. Walisimama miguuni pa mzee wangu wakamjadili kama kochi lililoletwa kukarabatiwa. Mwenye tai akamtupia msichana swali, akajibu. Akamtupia lingine, msichana akatazama viatu vyake akasema hajui, atakwenda kusoma.

Yaani mtihani wanaufanyia juu ya tumbo la mume wangu?

Walipoondoka nilimwita yule msichana pembeni. Aliitwa Daktari Ivyne, na alinieleza bila haraka. Yeye ni intani, maana yake amemaliza chuo na ni daktari kweli, ila mwaka wa kwanza anafanya kazi chini ya macho ya wengine. Mwenye tai ni konsaltanti, Daktari Kiragu, na wagonjwa wote wa wodi ile wako mikononi mwake. Katikati yao kuna rejistra, Daktari Okinyi, daktari wa miaka sasa, ambaye anasomea upasuaji, na yeye ndiye atakayeshika kisu.

“Kwa hivyo huyo naye bado anasoma?” nikamwuliza.

“Sisi wote tunasoma, shosho.”

Alisema hivyo ili anitulize. Hakunituliza hata kidogo.

Saa ya kutazama wagonjwa nilimgeuzia mzee mambo hayo kuwa vitendawili, maana ndivyo tulivyozoea kupitisha wakati sisi wawili tangu ujana. Nikamwambia kitendawili, akasema tega. Jogoo wangu hupita mara moja asubuhi, na kuku wote humfuata. Akajibu bila kufikiri, konsaltanti. Nikatega kingine: yuko katikati kama nyama ya sambusa, anachomwa juu na chini. Akasema rejistra. Cha intani kilimshinda: mtoto wangu hulala wa mwisho, huamka wa kwanza, na kikivunjika kikombe ni yeye. Nikamdai mji.

“Mji gani tena?” akasema. “Machakos nimekupa, Kitui nimekupa. Nimebaki na Kinoo, na huko ndiko ninakokula.”

Tukacheka, lakini jicho langu lilikuwa kwenye kadi waliyoitundika kichwani pa kitanda. Ilikuwa na maneno ya Kizungu, na Ivyne aliniambia maana yake ni kwamba mgonjwa asipitishe kitu mdomoni, hata maji, mpaka atoke thieta, chumba cha upasuaji. Basi mzee akalala na njaa, akaamka na njaa, na saa ya kutazama wagonjwa ilipofika akaja nesi kusema leo haiwezekani, orodha ya thieta imejaa. Akala jioni.

Kesho yake ikawa vilevile. Safari hii nilimwona kwa macho yangu Mwaura, mzee wa kitanda cha jirani. Aliletwa asubuhi hiyo hiyo akiguna kwa maumivu, na hata shuka hajaizoea, akasukumwa kwenda thieta. Sisi tukaambiwa tungoje. Nikamwuliza Ivyne huyo Mwaura ni mjomba wa nani humu. Akasema si mjomba wa mtu, utumbo wake umejisokota na hauwezi kungoja, na anayeamua ni daktari aliye “on call”, yaani mwenye zamu ya dharura siku hiyo. Nikamwangalia mdomo unavyokwenda. Kila siku wana neno jipya la Kizungu, na kila neno linatoka likiwa limebeba sababu ya sisi kungoja. Kwa kweli niliona tunachezewa. Jana yake jioni nilimkuta Okinyi akinong'ona na nesi, na waliponiona wakanyamaza. Mzee wangu alikuwa amepungua mashavu, na mimi nilikuwa nimechoka kumtazama akilamba midomo.

Kwa hivyo siku iliyofuata nilikuja na kiondo, na ndani ya kiondo flaski ya chai ya maziwa na nduma zilizofungwa kwa kitambaa. Nilingoja manesi wageuke. Nikamwambia mzee kwamba leo pia watamwahirisha, na tumbo lake si la maonyesho. Alikataa kidogo, kisha harufu ya nduma ikamshinda. Alikula kipande, akanywa chai nusu kikombe, akafumba macho kwa utamu.

Makombo hajamaliza kupangusa, nesi akaja na kitanda cha magurudumu. Thieta imemwita.

Nesi akauliza jina lake, upande gani unapasuliwa, na kama amekula chochote. Mzee aliniangalia, akaangalia kiondo, akasema hajala. Nikajua ananifichia. Nami nikanyamaza, kwa sababu nikisema, nafasi imekwenda, na uvimbe ule haungoji foleni.

Mlangoni pa wodi Ivyne akatupokea na faili, akauliza maswali yaleyale. Jina. Upande. Umekula? Mzee akajibu vilevile. Kwa nini wanauliza tena kitu walichokwisha kujibiwa? Polisi ndio huuliza hivyo, ili wakunase kwenye jibu la pili. Nikafikiri wameona makombo, wanatutega ili wapate sababu ya kutunyima nafasi mbele ya watu.

Tukashuka kwa lifti. Chini kuna mlango mkubwa, na mbele yake mstari mwekundu umepakwa sakafuni, jamaa wa mgonjwa havuki. Ng'ambo ya mstari alisimama mwanamume mwenye kofia ya kitambaa, macho mekundu, akasema yeye ni Daktari Mbithi, daktari wa usingizi. Alisoma jina la Mutie akajua tumetoka upande gani, akaniita susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Nikajihadhari zaidi. Mtu mgeni akikuita kwa lugha ya nyumbani huwa ana jambo analitaka.

“Mzee, jina lako nani? Tunapasua upande gani? Umekula au kunywa chochote tangu usiku?”

Mzee akafungua mdomo. Nikamtangulia.

“Daktari, wewe ni wa tatu kuuliza. Kwani hamwambiani?”

“Tunaambiana, susu. Lakini kila mmoja ni lazima aulize mwenyewe. Akilala, kilicho tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Hataweza kukohoa, na hataweza kukuaga.”

Hakusema kwa ukali. Aliendelea kungoja jibu la mzee, kalamu mkononi, na mzee akamwambia kwa mara ya tatu kwamba hajala. Magurudumu yakaanza kusogea. Gurudumu la mbele lilipogusa mstari nilishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

“Amekula,” nikasema. “Nduma na chai, sasa hivi. Mimi ndiye niliyemlisha.”

Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilinichoma kuliko kugombezwa. Mbithi aliandika, akamgeuzia Ivyne kitanda kirudi wodini. Kwa mbali nilimsikia Okinyi akimwuliza Ivyne kwa sauti ya chini ni vipi mgonjwa amekula mbele ya macho yake, na mtoto wa watu akasema samahani, daktari. Kikombe kilivunjika, na ni yeye.

Mzee hakunisemesha mpaka jioni. Alisema amesema uongo mara tatu kwa ajili yangu na mimi nikamwaibisha mara moja tu, mbele ya daktari. Nikamwambia aseme atakayo, mradi anasema. Usiku ule sikulala kwa kuufikiria uvimbe, kama utangoja au hautangoja.

Ukangoja. Asubuhi jina lake lilikuwa la kwanza, na kabla ya hapo Okinyi alikuwa ameutia wino upande wa kulia, mshale mweusi. Nilifunua shuka nikahakikisha mwenyewe. Nesi akauliza, Ivyne akauliza, na mbele ya mstari alikuwa Mbithi yuleyule, kofia ileile, macho mekundu kuliko jana. Mzee akajibu kwa sauti ya kanisani. Jina, kulia, hajaonja hata mate ya jirani. Kisha Mbithi akanigeukia mimi, akangoja. Nikasema ni kweli, hajala.

“Na wewe?” nikamwuliza. “Umekula?”

Akasema alikuwa “on call”, mara ya mwisho kula ni jana mchana.

Nikatoa flaski kwenye kiondo. Ilikuwa ya mzee, ya atakapoamka, lakini nilibaki upande wangu wa mstari nikanyosha mkono nayo, na yeye akanyosha wake akaipokea, pamoja na nduma. Akasema atakunywa kazi ikiisha. Mlango ukafungwa.

Nilikaa kwenye benchi nikiutazama mstari ule, nikimshuku kila aliyepita na koti. Hatimaye mlango ukafunguliwa, Mbithi akatoka na kofia mkononi, flaski kwapani. Kabla hajasema neno nilinyosha mkono nikaipokea. Ilikuwa nyepesi.

“Mzee ameamka,” akasema. “Anasema ana njaa.”